Siku Somo Aliponyanyuka Mkekani

Nilipomkuta bibi mwenye nyumba wangu akitetemeka kwenye kigoda cha uani, nilidhani ananitania. Ilikuwa saa nane mchana, Kariakoo inachemka, bati la choo halishikiki kwa jua, na yeye alikuwa amejifunika khanga tatu na blanketi juu yake, meno yakigongana. "Nifunike, wewe," alisema. "Nifunike, baridi inaniingia mifupani." Nilimgusa shingoni nikautoa mkono upesi. Alikuwa anaungua kama sufuria.

Mguu wangu mmoja ulitaka kukimbia. Nakiri hilo kwa sababu ndivyo nilivyo: mahali pakiharibika, mimi huondoka. Siku ile nilishindwa, maana kilichomfikisha pale kigodani ni ushauri wangu.

Niliacha shule kidato cha pili na tangu hapo sijakaa mahali miaka miwili. Nimekaanga samaki Tanga, nimefua nguo za watu Morogoro, nimepanga viatu vya mitumba Mchikichini kwa jozi, nimepeleka chapati kwenye maofisi ya Posta. Kazi yoyote najifunza upesi, nikishaielewa inanichosha. Kitu kimoja tu hakijawahi kunichosha, nacho ni kusoma chochote kilichoandikwa. Gazeti lililofungia maandazi nalisoma mpaka palipolowa mafuta. Karatasi za ndani ya maboksi ya dawa nazisoma kama barua niliyoandikiwa mimi. Watu walionijua walinicheka kwa hilo, na huyu bibi mwenye nyumba alinicheka kuliko wote. Aliniita "msomi wa korido", kwa kuwa nilipenda kusomea kwenye korido, penye taa.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba sita, ya zamani, imebanwa na ghorofa mbili kama mtu mfupi katikati ya mabaunsa. Alikuja Dar es Salaam kutoka Lindi akiwa msichana. Mume alishafariki, watoto walishaoa na kuolewa mbali, na yeye alibaki na wapangaji wanne na kazi yake. Kazi yake ilikuwa usomo. Alifunda wanawali. Harusi ikikaribia, familia inamwita nyumbani kwao siku saba, anamweka bibi harusi kwenye mkeka, wanawake wa ukoo wanakaa kuwazunguka, naye anafundisha: namna ya kuishi na mume, namna ya kuishi na mawifi, chumba, jiko, mwili, usafi. Kila somo lina wimbo wake na ngoma yake ndogo.

Alikuwa na kanuni moja aliyoirithi kwa mama yake mkubwa huko Lindi, pamoja na mkoba wa kazi. Mkeka ukishatandikwa na dua ikishasomwa, somo hanyanyuki mpaka wimbo wa kufunga uimbwe. Akinyanyuka katikati, mafunzo ya siku hiyo yamevuja, lazima yaanze upya, na watu watasema ndoa nayo itavuja. Kwa adabu, hata wanawake waliomzunguka hawakunyanyuka. Saa tatu, saa nne, wamekaa tu. "Mwanamke ni kujizuia," alikuwa akisema, na mimi nilikuwa namwona ana miguu ya chuma.

Mwaka ule alikuwa na mwali mmoja tu aliyemngoja. Bibi yake yule msichana ndiye aliyekuwa mwali wa kwanza wa somo hapa mjini, zaidi ya miaka arobaini iliyopita: familia ya Waarabu wenye duka la vitambaa, ghorofani kwao ni mitaa miwili tu kutoka kwetu. Baadaye akamfunda mama mtu. Sasa ilikuwa zamu ya binti. "Nikimfunda huyu natua mkoba," aliniambia mara nyingi, akiupangusa ule mkoba wa ngozi kana kwamba una vumbi. "Nilianzia nyumba ile, nitamalizia nyumba ile. Nani kapata bahati hiyo?"

Tatizo lilikuwa mkojo. Nasema waziwazi kwa kuwa kunyamazia jambo hili ndiko kulikotuponza. Kwa mwaka mzima alikuwa akirudiwa na UTI, yale maambukizi ya njia ya mkojo ambayo Dar es Salaam kila mtu anayataja kama mafua. Yanakuja, ananunua dawa, yanaondoka, mwezi haujaisha yanarudi. Akishikwa, hawezi kukaa nusu saa. Nilimsikia asubuhi akienda uani, anarudi, anaenda tena, na kule ndani anaguna kwa maumivu akidhani hatusikii. Maneno yalishatoka nje. Ilisemekana wenye duka wameanza kuulizia somo mwingine, wa Magomeni, kijana, mwenye spika yake mwenyewe.

"Spika!" alisema siku alipoletewa habari hiyo. "Anafunda mwali au anafungua baa?"

Alicheka, lakini tangu siku hiyo alianza kujizoeza. Alikuwa anatandika mkeka chumbani kwake anakaa peke yake, saa ya ukutani mbele yake. Ili aweze kukaa muda mrefu, hanywi maji tangu asubuhi. Na kwa kuwa aliamini ugonjwa ule unatokana na uchafu, aliongeza usafi. Alikuwa na ndoo yake ya bluu uani, yenye kifuniko. Ndani yake ni maji yaliyochemshwa na karafuu, shabu ya kipande, limau mbili, na siku hizi kifuniko kimoja cha ile dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda, mpaka maji yawe meupe kama tui. Hayo ndiyo maji ya kujisafishia ndani. Ndiyo aliyofundishwa, ukiacha dawa ya kahawia, ambayo ni maendeleo yake mwenyewe. Ndiyo aliyofundisha.

Wakati huo mimi nilikuwa nafagia na kupiga deki kwenye maabara ndogo, ghorofa ya pili, mtaa wa wauza vyombo. Mtaalamu wa pale alikuwa kijana mpole anayependa kuulizwa maswali, nami ninayo mengi. Bibi alikataa katakata kwenda kupimwa. "Nikapange foleni na kikopo mkononi, wanangu niliowafunda wananiona?" Mwishowe alikubali nimpelekee. Kikopo alikifunga kwenye mfuko mweusi, mfuko akauweka kikapuni, juu yake akalaza fungu la mchicha.

"Mambo, dada?" aliniuliza mtaalamu nilipofika.

"Poa. Nimekuletea mboga."

Siku mbili baadaye aliniita. Alinionyesha sahani ya duara iliyojaa vidoa vidoa kama maziwa yaliyomwagika yakakauka. Hawa ndio wanaomsumbua, alisema, kwa kawaida wanaishi tumboni, kwenye njia ya haja kubwa, huko hawana neno. Shida ni wakihama mtaa. Akaandika dawa inayowaua, nikapewa karatasi niipeleke kwa daktari wa zahanati ya chini, bibi akaandikiwa antibayotiki ya siku saba.

Mambo yangeishia hapo, kama nisingekuwa na mdomo.

"Na mtu asiyeumwa," nikauliza, "yeye hana kitu? Ni msafi kabisa?"

Alicheka. Akaweka kioo kwenye hadubini, chenye ute wa ukeni wa mwanamke asiye na ugonjwa, hakuniambia ni nani. "Tazama."

Nilitazama. Vilikuwa vijiti. Vijiti vyembamba, vingi, vimetapakaa kila mahali kama njiti za kiberiti zilizomwagwa.

"Huyu anaumwa sana," nilisema.

"Huyu ndiye mzima. Hao ni walinzi wake. Wanatengeneza asidi, jamii ya ile inayofanya maziwa yagande. Wale wabaya wakipita pale, asidi inawakera, hawapati pa kukaa. Wako mlangoni kwa kila mwanamke mwenye afya."

"Hata mimi?"

"Wewe, mke wangu, mama yako."

Nilijikuta nimebana miguu. Miaka ishirini na nane nimetembea na umati ndani yangu na sijui. Nilihisi kama mtu aliyeambiwa chumba chake kina wapangaji ambao hajawahi kuwaona, na kwamba hao ndio wanaofunga mlango usiku.

"Na mtu akijisafisha na dawa? Huko ndani?"

"Anawaua hao kwanza," alisema. "Kisha mlango uko wazi."

Niliiona ile ndoo ya bluu mbele yangu, na kifuniko chake. Niliteremka ngazi.

Sasa nielezeni: mtu mwenye akili angefanya nini? Angerudi nyumbani akasema, "Bibi, mwaga ile ndoo." Nilirudi, nikamkuta uani ameinamia hiyohiyo ndoo, anakamua limau huku anaimba wimbo wa usafi. Mimi ni nani? Mpangaji, msomi wa korido, nimwambie somo wa vizazi vitatu kwamba usafi wake ndio uchafu? Nilimsalimia shikamoo, akanijibu marahaba, nikaingia chumbani kwangu.

Nikatafuta njia ya mzunguko. Kwenye duka moja la dawa nilikuwa nimeona boksi dogo dirishani, limepigwa na jua la kutwa, limeandikwa kwamba ndani mna bakteria wazuri wa kusaidia wanawake. Probayotiki. Nilinunua. Nikasoma ile karatasi ya ndani mara tatu, kwenye korido, chini ya taa. Mstari mmoja ukanikaa kichwani: kwamba antibayotiki huweza kupunguza hata bakteria wazuri. Basi! Nilihisi nimeelewa dunia. Antibayotiki inaua walinzi. Ugonjwa unarudi kwa sababu kila akipona walinzi wameuawa. Kwa hiyo antibayotiki iachwe, walinzi waletwe. Ilinyooka kama rula.

Ilikuwa siku ya tatu ya dozi yake. Alikuwa tayari amepata nafuu, analalamika tu kwamba vidonge vinamtia kichefuchefu.

"Viache," nilimwambia. "Vinaua na wazuri. Kunywa hivi."

"Hivi ni nini?"

"Ni wadudu. Wazuri."

"Nimekula mengi Dar es Salaam," alisema. "Wadudu wa kununua, bado." Lakini akakipokea kidonge. Aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: mwanamke ambaye hakuwahi kumwamini daktari wala mtoto wake wa kumzaa, aliniamini mimi kwa kuwa nilisoma karatasi. Kila asubuhi nilimletea kidonge kimoja na kikombe cha chai ya tangawizi, naye alikimeza akisema bismillahi. Siku tisa. Na kila asubuhi, baada ya chai, niliisikia ndoo ya bluu ikifunuliwa.

Siku ya kumi ndiyo ile ya kigoda na blanketi.

Kijana wa bajaji alipotuona alikataa kwanza, akidhani nampakia maiti. "Dada, asinifie humu." Bibi akafumbua jicho moja: "Nikifa nitakulipa, endesha." Hospitalini alipokelewa na daktari msichana, pengine mdogo kuliko mimi, aliyemminya kiunoni upande wa kulia mara moja tu. Bibi alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Imepanda kwenye figo," daktari alimwambia muuguzi. Dripu ikaletwa. Kisha akanigeukia.

"Alimaliza dozi?"

Nilijifanya narekebisha blanketi.

"Dada, nakuuliza wewe. Alimaliza?"

"Alikunywa siku tatu. Nikamwambia aache."

"Wewe ni nani?"

"Mpangaji wake."

"Kazi yako."

"Nafanya usafi. Maabara."

Hakunifokea. Afadhali angefoka. "Badala yake ukampa nini?"

Nililitoa lile boksi kwenye mkoba. Alilisoma upande wa chini, ambako mimi sikusoma: kuhifadhi mahali pa baridi. Akauliza nililipata wapi, nikamwambia, dirishani, penye jua.

"Alikunywa na nini?"

"Na chai ya tangawizi."

"Ya moto?"

Jibu lilitoka kitandani, macho yamefumba: "Chai ya baridi nayo ni chai, mwanangu?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Hawa bakteria wako hai," alisema polepole. "Ndiyo kazi yao, kuwa hai. Jua limewachoma, kisha kila asubuhi mmewapika." Akavuta kiti. "Na hata wangekuwa wazima, wasingeweza. Hawa ni mabawabu. Bawabu anazuia mwizi asiingie. Mwizi akishaingia chumbani na panga, humwiti bawabu, unaita polisi. Ile dozi ndiyo polisi. Wewe umewarudisha polisi katikati ya kazi."

Niliangalia chini. Vigae vilikuwa vyeupe, vinanukia dawa niliyoizoea kazini, na nilitamani nipewe ufagio nifanye kitu ninachokiweza.

"Kwa hiyo ni bure tu?" niliuliza. "Hawa wazuri?"

"Sikusema bure. Baada ya kupona, kwa mtu anayerudiwa, huenda wakasaidia isirudi. Wengine wanasaidika, wengine hatuoni tofauti. Wataalamu wenyewe bado wanachunguza. Lakini kwanza mtu asiwaue alionao." Akamgeukia bibi. "Mama, unanawaje? Unatumia chochote huko ndani?"

Nikajua imefika. Bibi alifumbua macho yote mawili, na hata akiwa na dripu mkononi alijiinua kidogo kwenye mto, kama alivyojiinua mkekani. Hili alilijua. Alilitaja lote kwa mpangilio: karafuu, shabu, limau, dawa ya kahawia kifuniko kimoja, asubuhi na jioni, tangu alipovunja ungo, dawa ya kahawia miaka ya karibuni. Alisema kwa fahari. Akamalizia, "Hata wewe, mwanangu, ukitaka kuolewa nitakufunda bure."

Daktari alimshukuru. Kisha akamwambia. Hakutumia maneno makali. Alimshika mkono usio na sindano akamwambia kwamba huko ndani hapahitaji chochote, kwamba maji ya kawaida kwa nje yanatosha, kwamba kila asubuhi na kila jioni alikuwa akiwamwagia sumu wale wale wanaomlinda. Na kwamba kujinyima maji na kubana mkojo kunawapa wabaya muda wa kuzaana.

Nimeona watu wakipewa habari za misiba. Uso wa bibi haukuwa hivyo. Ulikuwa uso wa mtu anayehesabu. Midomo ilikuwa ikicheza bila sauti, na nilichelewa kuelewa anahesabu nini. Alikuwa akiwataja mmoja mmoja, wanawali wake.

"Binti," alimwambia daktari, "mimi nimefunda wengi."

"Najua, Mama."

"Hujui."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ulijua? Habari ya ndoo?"

Ningeweza kusema uongo. "Nilijua. Kaka wa maabara aliniambia."

"Ukaniletea chai."

Alinigeuzia mgongo, na kwa kuwa mgongo ndio uliokuwa ukimuuma, akaguna, akabaki hivyohivyo.

Alilazwa siku sita. Nilienda kila siku na uji na maji, akanywa bila kuniangalia. Siku ya nne alisema, "Umeniwekea chumvi kidogo." Nikajua nimesamehewa nusu. Aliporudi nyumbani alimaliza vidonge vya dozi mpaka cha mwisho, akinionyesha pakiti tupu kila siku kama mtoto anayeonyesha sahani. Baadaye, kwa ruhusa ya daktari, tulianza upya na boksi jipya, nililolihifadhi kwenye friji ya muuza soda jirani, katikati ya chupa. Alikimeza kwa maji ya baridi, uso umekunjwa. "Wamelala vizuri leo?" aliniuliza. Ndoo ya bluu ilikaa uani imepinduliwa juu chini. Hakuitupa, wala hakuigusa.

Siku tatu kabla ya wiki ya mwali, bibi wa bibi harusi alikuja mwenyewe kutoka dukani, na baibui lake jeusi na harufu ya udi. Walikaa uani. Walikuwa wanaitana "somo" wote wawili, kwa utani wa miaka.

"Niambie kweli, somo," mgeni alisema. "Utaweza kukaa? Kuna yule wa Magomeni, wanangu wananisumbua."

"Yule wa spika?"

"Yule."

"Mimi nitafunda," bibi alijibu. "Ukiniona siwezi, mlete na spika yake."

Nilikwenda naye siku zote saba, kumbebea mkoba na chupa ya maji. Chupa ile ilizua minong'ono tangu siku ya kwanza, maana somo hajawahi kuonekana akinywa mkekani. Lakini alikaa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakunyanyuka, na niliona wanawake wakipeana macho ya kukubali. Sebule ya ghorofani ilikuwa imejaa, shangazi, mama wadogo, mawifi, majirani, mwali katikati chini ya mtandio wa kijani, anaonekana vidole tu. Siku ya nne ilikuwa siku ya usafi.

Ndoo ya kufundishia ilikuwa imeandaliwa na wenyeji, mpya, ya bluu. Limau zimekatwa. Kipande cha shabu kinang'aa kwenye kisahani. Wanawake walianza wimbo wenyewe, wanaujua wote, wamefundwa nao. Bibi aliinua mkono.

Wimbo ukakatika.

"Huu hatuuimbi," alisema.

Mtu akacheka, akidhani ni mchezo. Kina somo hupenda michezo. Bibi aliokota limau na shabu, akavirudisha kikapuni kimoja kimoja, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya mkekani, ilikuwa ya uani.

"Mna mabawabu ndani yenu. Wako hai, wadogo, hawaonekani, Mungu kawaweka mlangoni. Mimi sikuwajua. Aliyenifunda hakuwajua. Miaka yote nimewafunza kuwamwagia sumu, na mimi mwenyewe nimejimwagia mpaka nikalazwa. Mwanangu," alimwambia mwali, "huko ndani usitie kitu. Nje maji tu. Kunywa maji. Ukiumwa, nenda hospitali, na dozi uimalize. Hilo ndilo somo la leo, halina wimbo."

Sebule ililipuka. "Astaghfirullah!" "Ana homa bado huyu." "Sasa tunuke?" Mama mdogo mmoja alisimama kwa magoti kusema kwamba hayo ni maneno ya hospitali, mila ni mila. Mwingine akauliza kwa sauti kama yule wa Magomeni bado anapatikana. Nilidhani watamfukuza, na kwamba mkoba utatuliwa pale, kwa aibu, siku ya nne.

Bibi wa bibi harusi ndiye aliyewanyamazisha, na hakupaza sauti. Alisema tu, "Somo."

Wote wakamtazama.

"Mimi ulinifunda hivyo, mkeka huuhuu."

"Nilikufunda."

"Na ule ugonjwa wangu? Ninaounywea dawa kila mwezi, nisiomwambia mtu?"

Hakuna aliyejua. Niliona binti yake mwenyewe, mama wa mwali, akifunika mdomo kwa mkono. Kisha, upande wa dirishani, jirani mmoja akatazama mapaja yake. Na mwingine. Nikaelewa kwamba hesabu aliyoifanya bibi hospitalini ilikuwa imekaa mbele yetu, imevaa mitandio, inajipepea.

"Sijui kama wote umetokana na mimi," bibi alisema. "Daktari atajua. Lakini nisamehe."

Mwenzake aligeuza macho kwenye ndoo. Bibi aliichukua chupa mkononi mwangu, akanywa mpaka ikaisha, akasubiri kidogo. Halafu akaweka viganja chini, akasukuma, akanyanyuka.

Mkeka umetandikwa. Dua imesomwa. Somo amesimama.

Alivuka miguu ya watu akisema "samahani, samahani", akashika korido, tukasikia mlango wa choo, tukasikia kila kitu, maana nyumba za ghorofa kuta zake ni karatasi. Tukasikia maji. Akarudi akijifuta mikono kwenye khanga, akakaa palepale alipotoka.

"Mafunzo hayajavuja," alisema. "Nilibanwa, nikaenda. Nani mwingine kabanwa?"

Chini, barabarani, wasukuma mikokoteni walikuwa wakipigiana kelele wapishwe. Kisha chini ya mtandio wa kijani kidole kimoja kikainuka.

"Mimi, Bibi," mwali alisema. "Tangu asubuhi."

Alikuwa wa kwanza kutoka. Akafuata mama yake. Akafuata yule mama mdogo wa mila, bila kumwangalia mtu. Baada ya dakika chache korido nzima ilikuwa foleni, wanawake wazima wanasukumana, wanacheka kwa aibu, wanagonga mlango wa choo, "Toka na wewe, unaandika barua?" Saa ngapi walikuwa wamekaa hivyo? Miaka mingapi?

Sebuleni tulibaki watatu. Bibi wa bibi harusi alikuwa bado amekaa kwenye ukingo wa mkeka, mgongo umenyooka, macho kwenye ile ndoo ya bluu iliyobaki tupu. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kwangu, bila kunitazama.

"Nivute, mjukuu wangu," alisema. "Miguu imekufa ganzi."